Namna ya kupima athari ya naitrojeni kwa ukuaji na antioksidanti za mimea ya majini: mwongozo wa jaribio la lemna

Anayetaka kujua kiasi cha naitrojeni kinachoufaa mmea wa majini hukutana na majibu mawili yasiyopatana. Ukuaji humwambia aongeze mbolea, ilhali vipimo vya antioksidanti, yaani misombo inayokinga seli dhidi ya oksijeni kali, hasa vya kundi liitwalo fenoli, mara nyingi humwambia aipunguze. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya jaribio dogo litakaloonyesha majibu yote mawili kwa pamoja, ili uamuzi utokane na mavuno halisi ya chombo kizima na si na namba moja iliyopendeza kwenye karatasi. Umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa sekondari au wa chuo, mwanafunzi anayetafuta mradi wa utafiti, na mfugaji wa sato au kuku anayeotesha chakula cha mifugo yake majini. Sehemu ya ukuaji inaweza kufanyika nyumbani. Sehemu ya antioksidanti inahitaji spektrofotometa, yaani kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika, ingawa vipo vipimo viwili vinavyowezekana katika maabara ya kawaida ya shule, navyo nimevieleza mahali pake.

Mambo ya kuelewa kabla ya kununua chochote

Naitrojeni ni sehemu ya kila protini, ya klorofili na ya vimeng'enya vyote. Inapopungua, mmea hushindwa kutengeneza protini mpya, lakini usanisinuru hauzimiki siku hiyo hiyo; kaboni huendelea kuingia na haina kazi ya kufanya. Mmea huiweka akiba kama wanga, na sehemu nyingine huielekeza kwenye fenoli na flavonoidi, misombo ambayo haina naitrojeni ndani yake. Tena, kimeng'enya kinachofungua njia ya kutengeneza fenoli huanza kwa kuitoa amonia kutoka katika asidi amino iitwayo fenilalanini, na amonia hiyo mmea wenye njaa huirudisha kazini, kwa hiyo kutengeneza fenoli hakumgharimu naitrojeni. Wakati huo huo jani lililodumaa hupokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia, na nishati inayobaki huzaa oksijeni kali inayoshambulia utando wa seli. Fenoli ni mojawapo ya kinga dhidi ya mashambulizi hayo.

Hata hivyo, antioksidanti si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Karotenoidi, kama vile luteini na beta-karotini, hukaa pamoja na klorofili ndani ya kloroplasti, na kwa kawaida hupanda naitrojeni inapotosha na kushuka mmea unapopauka. Vimeng'enya vya kinga, kama katalasi, peroksidasi na dismutasi ya superoksidi, ni protini, kwa hiyo vinahitaji naitrojeni ili vitengenezwe. Lakini pia huongezeka mmea unapopata mshtuko, kisha huporomoka dhiki ikizidi uwezo wake. Kauli kwamba naitrojeni kidogo huongeza antioksidanti ni kweli kwa kundi moja na si kweli kwa jingine, na ripoti isiyotaja ni kundi gani lililopimwa haimsaidii mtu.

Upande wa ziada nao una sura mbili. Naitrojeni ya majini huwa hasa naitreti au amonia. Naitreti nyingi huvumilika kwa kiwango kikubwa. Amonia haivumiliki hivyo, kwa sababu majini hukaa katika hali mbili, ayoni ya amoniamu na amonia huru, na ile iliyo huru hupenya utando wa seli bila kizuizi. Mgawanyo wake huamuliwa na pH: kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, amonia huru ni takriban asilimia 0.6 ya jumla pH ikiwa 7, takriban asilimia 5 ikiwa 8, na zaidi ya theluthi moja ikiwa 9. Bwawa lenye kijani kingi hupanda pH mchana wa jua kali, hivyo dozi ya yuria, mbolea inayogeuka amonia majini, ambayo asubuhi haikuwa na madhara inaweza kuwa sumu ifikapo saa tisa alasiri.

Hatua ya 1: Kuchagua mmea

Tumia lemna, kile kimea kidogo kinachoelea juu ya maji yaliyotulia kama punje za kijani, ambacho bata hukila kwa pupa. Huzaa kwa kuchipuza majani mapya ubavuni, hivyo mimea yote inayotokana na jani moja ina urithi uleule, na tofauti utakazoziona zitatokana na maji na si na mbegu. Katika nchi za joto utakutana na Lemna aequinoctialis. Katika maabara nyingi za dunia hutumika Lemna minor. Zitofautishe na ndugu zake kwa kuinua jani na kutazama chini yake: lemna ina mzizi mmoja, Spirodela ina mizizi mingi na mara nyingi tumbo lenye rangi ya zambarau, na Wolffia haina mzizi kabisa. Spirodela nayo inafaa, ila ikinyimwa virutubisho inaweza kutengeneza vichipukizi vya akiba vinavyozama chini ya chombo, na usipovitafuta utavikosa kwenye mizani.

Usitumie azola, kimea kingine kidogo kinachoelea, kwa jaribio hili, hata kama unayo tele bandani. Ndani ya majani yake huishi bakteria wa kijani-buluu wanaokamata naitrojeni ya hewani, kwa hiyo chombo ulichokiandika kuwa hakina naitrojeni kitakuwa nayo, na jaribio litakudanganya kwa utulivu kabisa. Gugu maji la Ziwa Victoria hula naitrojeni kwa pupa isiyo ya kawaida, lakini mmea mmoja hujaza ndoo, na katika maeneo mengi kulihamisha kutoka ziwani hadi kwenye maji mengine ni kuwaletea majirani balaa.

Chota lemna mahali pasipopokea maji ya kiwanda wala ya mfereji wa taka, kwa kuwa hufyonza metali nzito, nazo metali hizo zenyewe hupandisha vimeng'enya vya kinga. Isuuze mara kadhaa, ondoa konokono na nyuzi za mwani, kisha anzisha ukoo wako kutoka kwenye majani machache yenye afya.

Hatua ya 2: Kuandaa maji na virutubisho

Maji ya bomba yana klorini, na ya kisima mara nyingi yana naitreti. Yanayofaa ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, au maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Soma lebo vizuri, kwani vituo hivyo hivyo huuza pia asidi ya betri, na chupa hufanana.

Virutubisho vingine vyote lazima viwe sawa katika kila chombo. Mchanganyiko unaoaminika ni ule uitwao SIS, uliomo katika mwongozo namba 221 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) wa mwaka 2006 kuhusu majaribio ya lemna. Katika kila lita moja ya maji weka miligramu 13.4 za fosfeti ya potasiamu (KH2PO4), miligramu 75 za salfeti ya magnesiamu yenye maji saba, ambayo madukani huitwa chumvi ya Epsom, miligramu 36 za kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, na miligramu 20 za kabonati ya sodiamu. Madini yanayohitajika kwa uchache ni miligramu 1 ya asidi ya boriki, miligramu 0.84 za kloridi ya chuma pamoja na miligramu 1.4 za EDTA ya sodiamu inayokizuia chuma kisigande, miligramu 0.2 za kloridi ya manganizi, na chembe ndogo zaidi za zinki, shaba na molibdeni. Hakuna mizani ya kawaida inayoweza kupima kiasi hicho, kwa hiyo tengeneza myeyusho mkali wa kila chumvi, mara elfu moja ya kiwango kinachotakiwa, kisha uongeze mililita moja kwa lita. Mchanganyiko kamili wa SIS una pia miligramu 85 za naitreti ya sodiamu kwa lita, sawa na miligramu 14 za naitrojeni. Hiyo ndiyo tunayoiacha nje, tuiweke wenyewe kwa viwango tunavyotaka.

Hatua ya 3: Kupanga viwango vya naitrojeni

Yeyusha gramu 10.1 za naitreti ya potasiamu (KNO3) katika maji mpaka yatimie lita moja. Kila mililita ya myeyusho huu ina miligramu 1.4 za naitrojeni. Yeyusha pia gramu 15 za kloridi ya potasiamu katika lita mbili za maji. Kazi ya myeyusho huu wa pili ni kusawazisha potasiamu, maana ukiongeza naitreti ya potasiamu peke yake utakuwa umeongeza vitu viwili kwa pamoja, na hutajua ni kipi kilichofanya kazi.

Kila lita ya maji ya jaribio ipate jumla ya mililita 30 kutoka kwenye myeyusho hii miwili. Chombo cha kiwango sifuri kipate mililita 30 za kloridi tupu. Kiwango cha pili kipate mililita 1 ya naitreti na 29 za kloridi, cha tatu 5 kwa 25, cha nne 10 kwa 20, na cha tano 30 za naitreti bila kloridi. Utapata miligramu 0, 1.4, 7, 14 na 42 za naitrojeni kwa lita, na potasiamu itabaki ileile kote. Anayetaka kuona sumu ya amonia aongeze kundi la pembeni lenye kloridi ya amonia, ambapo gramu 5.35 katika lita moja ya myeyusho hutoa pia miligramu 1.4 za naitrojeni kwa mililita. Kundi hilo lipimwe pH kila siku bila kukosa, kwa sababu mmea unapofyonza amoniamu huyatia maji asidi, na unapofyonza naitreti huipandisha pH.

Ukitumia karatasi za kupimia naitreti, angalia zinasema nini. Nyingine husoma naitreti yenyewe, nyingine husoma naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, na tofauti ni ya kuzidisha kwa 4.43. Miligramu 14 za naitrojeni ni miligramu 62 za naitreti. Mfugaji akichanganya vipimo hivi viwili anaweza kutia mbolea zaidi ya mara nne ya alichokusudia. Asomaye gunia la mbolea naye akumbuke kwamba yuria ina asilimia 46 ya naitrojeni, ilhali naitreti ya potasiamu ina chini kidogo ya asilimia 14.

Hatua ya 4: Kuizoesha mimea

Mmea uliotoka kwenye bwawa lenye samadi una akiba ya naitrojeni mwilini, na akiba hiyo huulisha kwa siku kadhaa hata katika maji matupu. Usipoiondoa tofauti hiyo, chombo cha sifuri kitakua vizuri mwanzoni na utadhani naitrojeni haina umuhimu. Iweke lemna yote katika maji yenye miligramu 7 za naitrojeni kwa muda wa wiki moja, mahali palepale jaribio litakapofanyikia, kisha uisuuze kwa maji yasiyo na naitrojeni kabla ya kuigawa.

Hatua ya 5: Kupanga vyombo

Tafuta vyombo 20 vinavyofanana, vinne kwa kila kiwango; makopo ya aiskrimu ya lita 2 yanatosha kabisa. Vifunge kwa nje karatasi nyeusi ili mwanga uingie kwa juu tu na mwani usiote ubavuni. Tia lita moja ya maji na gramu 1.00 ya lemna katika kila kimoja. Kabla ya kupima lemna, itandaze juu ya karatasi ya jikoni kwa dakika zilezile kila mara, kwa sababu maji yanayoning'inia kwenye mizizi yanaweza kuwa mazito kuliko tofauti unayoitafuta. Mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu inafaa.

Nafasi za vyombo zipangwe kwa kura: andika namba kwenye vikaratasi, vikunje na uviokote kimoja kimoja. Kila siku vihamishe nafasi. Jua la moja kwa moja la saa sita mchana huchemsha maji ya chombo kidogo, na mwanga mkali peke yake hupandisha flavonoidi, hivyo weka vyombo chini ya paa lenye mwanga wa kutosha au chini ya kitambaa cheupe. Joto la nyuzi 22 hadi 28 linafaa, na pH ikae karibu na 6.5.

Hatua ya 6: Kubadilisha maji

Hatua hii ndiyo inayoharibu majaribio mengi. Fikiria chombo cha miligramu 1.4. Gramu moja mbichi ya lemna ina takriban gramu 0.06 za mmea mkavu, na mmea mkavu uliolishwa vizuri huwa na naitrojeni inayokaribia asilimia 5. Kwa hiyo kila gramu mpya ya lemna inahitaji kama miligramu 3 za naitrojeni. Lita moja yenye miligramu 1.4 haitoshi hata kujenga nusu gramu. Mmea utaimaliza yote mapema, na kuanzia hapo chombo chako cha kiwango cha chini kitakuwa kimegeuka kuwa cha sifuri, ingawa lebo yake inasema vingine.

Badilisha maji yote siku ya 2, ya 4 na ya 6. Inua lemna kwa kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye pete ya waya, mwaga maji, safisha chombo, tia maji mapya. Pima naitreti ya maji ya zamani kabla hujayamwaga, kwa kuwa namba hiyo itakuambia kama kiwango ulichokipanga kilidumu au kilikuwa cha jina tu. Naitreti ikiwa imeisha siku ya pili, hukupima athari ya ukolezi bali ya jumla ya naitrojeni iliyotolewa, na ripoti iseme hivyo.

Hatua ya 7: Kutazama na kuhesabu ukuaji

Kila siku angalia rangi, urefu wa mizizi na ukubwa wa majani. Lemna yenye njaa hupauka kuanzia majani ya zamani, mizizi yake hurefuka kutafuta chakula, na majani mapya hukawia kuachana na mama yao. Yenye ziada ya amonia hutoa mizizi mifupi inayokatika ukiigusa, na majani huanza kufa kwa madoa meupe au ya kahawia.

Siku ya 7 vuna vyombo vyote katika saa moja ileile ya siku, kwani wanga na baadhi ya antioksidanti hubadilika tangu alfajiri hadi jioni. Kausha kwa karatasi kama ulivyofanya mwanzoni, kisha pima. Kiwango cha ukuaji hupatikana kwa kutoa logi asilia ya uzito wa mwanzo kutoka kwenye logi asilia ya uzito wa mwisho, kisha kugawanya kwa idadi ya siku. Tuseme gramu 1.00 imekuwa 4.20: logi asilia ya 4.20 ni 1.435, ukigawanya kwa 7 unapata 0.205 kwa siku. Gawanya 0.693 kwa 0.205, utaona mimea ilijizidisha maradufu kila baada ya siku 3.4. Katika maabara yenye mwanga na joto la uhakika, mwongozo wa OECD unataka idadi ya majani ijizidishe maradufu ndani ya siku 2.5, hivyo usishangae chombo cha nyumbani kikiwa nyuma kidogo. Kikiwa nyuma sana hata kwenye miligramu 14, tatizo ni mwanga, chuma au joto, na halitibiki kwa naitrojeni.

Hatua ya 8: Kugawa sampuli

Mara tu baada ya kupima, gawa mavuno ya kila chombo katika mafungu matatu. La kwanza, nusu gramu, ni la fenoli. Lifunge kwa karatasi ya alumini na uliweke kwenye barafu au ulifanyie kazi papo hapo. La pili, sehemu ya kumi ya gramu, ni la klorofili na karotenoidi. Lililobaki likaushwe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70 mpaka uzito uache kushuka. Usikaushe juani kile utakachopima antioksidanti.

Fungu la kukausha wengi huliona la ziada, kumbe ndilo linalookoa hesabu. Mmea wenye njaa umejaa wanga, kwa hiyo gramu yake moja mbichi ina kitu kikavu kingi kuliko gramu moja ya mmea ulioshiba. Ukitoa matokeo ya fenoli kwa gramu mbichi, mmea wenye njaa utaonekana umezidi hata kama sehemu ya tofauti hiyo ni maji tu yaliyopungua. Kwa vimeng'enya hali ni mbaya zaidi, kwa sababu desturi ni kugawanya kwa miligramu ya protini, na protini yenyewe ndiyo iliyoshuka. Kimeng'enya kinaweza kupungua na bado kikaonekana kimepanda kwa kuwa kigawanyo kimepungua zaidi. Toa matokeo kwa gramu kavu, na ukigawanya kwa protini, andika kiasi cha protini pembeni.

Hatua ya 9: Kupima antioksidanti

Kwa fenoli, saga nusu gramu kwenye kinu kidogo na mililita 10 za ethanoli ya asilimia 80, chuja, kisha chukua mililita 0.5 za kichujo. Ongeza mililita 2.5 za kitendanishi cha Folin-Ciocalteu kilichozimuliwa mara kumi, na baada ya dakika chache mililita 2 za kabonati ya sodiamu ya asilimia 7.5. Subiri nusu saa, rangi ya buluu itatokea. Isome kwenye nanomita 765 na uilinganishe na myeyusho ya asidi ya gali iliyoandaliwa kwa njia hiyo hiyo. Kitendanishi hiki hugeuzwa pia na vitamini C na baadhi ya sukari, hivyo andika kwamba umepima jumla ya kile kinachogeuza rangi, kikilinganishwa na asidi ya gali.

Kwa uwezo wa jumla wa kuzima radikali huru, yaani molekuli kali zinazoshambulia seli, yeyusha miligramu 3.94 za DPPH, kemikali ya majaribio iliyo radikali huru, katika mililita 100 za methanoli. Changanya mililita 3 za myeyusho huo wa zambarau na kiasi kidogo cha kichujo, weka gizani dakika 30, soma kwenye nanomita 517. Kadiri zambarau inavyogeuka njano ndivyo uwezo ulivyo mkubwa. Zimua kichujo mpaka upungufu wa rangi uangukie kati ya asilimia 20 na 80. Nje ya hapo vipimo hubanana na tofauti hazionekani. Methanoli ni sumu kwa kunywa na kwa kuvuta, kwa hiyo fungua madirisha na uvae glavu.

Kwa klorofili na karotenoidi, saga fungu la pili katika asetoni ya asilimia 80, chuja, jaliza hadi mililita 10, na usome kwenye nanomita 663.2, 646.8 na 470. Klorofili a, kwa maikrogramu katika mililita, ni 12.25 mara usomaji wa kwanza, toa 2.79 mara wa pili. Klorofili b ni 21.50 mara wa pili, toa 5.10 mara wa kwanza. Karotenoidi ni 1000 mara usomaji wa 470, toa 1.82 mara klorofili a, toa 85.02 mara klorofili b, kisha gawanya kwa 198. Fanya haraka na mbali na dirisha, kwani mwanga huziunguza.

Shule isiyo na spektrofotometa ina njia mbili. Ya kwanza ni DCPIP, kile kimiminika cha buluu cha kupimia vitamini C: saga uzito uleule wa lemna ya kila kiwango katika asidi ya oksaliki iliyo baridi, chuja, na uhesabu ni matone mangapi ya kichujo yanayoondoa rangi. Ya pili ni iodini. Toa kijani cha majani katika ethanoli iliyotiwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha dondoshea iodini. Majani ya kiwango cha sifuri yatakuwa meusi-buluu kuliko ya miligramu 14. Jaribio hili halipimi antioksidanti, lakini linaonyesha ile kaboni isiyo na kazi niliyoitaja mwanzoni, na wanafunzi huielewa haraka zaidi kwa macho kuliko kwa maneno.

Hatua ya 10: Kusoma matokeo

Chombo kimoja ni rudio moja. Ukichota sampuli tatu kutoka kwenye chombo kimoja, hujapata marudio matatu. Umepima kitu kimoja mara tatu. Kwa kila kiwango andika wastani wa vyombo vinne na mtawanyiko wake, kisha chora michoro miwili, mmoja wa ukuaji na mmoja wa antioksidanti.

Ukuaji kwa kawaida hupanda kwa kasi kutoka sifuri, kisha mstari hulala. Kutoka 14 hadi 42 huenda usione nyongeza yoyote ya maana. Klorofili na karotenoidi hufuata njia inayofanana na hiyo. Fenoli hushuka kinyume chake. Sasa zidisha: kiasi cha fenoli kwa gramu kavu mara gramu kavu zilizovunwa katika chombo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kiwango cha chini kimetoa miligramu 20 kwa gramu na mavuno ya gramu 0.10, na kiwango cha 14 kimetoa miligramu 12 kwa gramu na mavuno ya gramu 0.25. Cha kwanza kina miligramu 2 kwa chombo kizima, cha pili kina 3. Mmea uliokuwa hafifu kwa kila gramu ndio uliotoa fenoli nyingi zaidi. Ripoti inayoishia kwenye ukolezi ingemshauri mkulima anyime mimea yake chakula na apate hasara.

Kwa mfugaji anayelisha samaki au kuku, maoni yangu ni kwamba asiifukuzie fenoli hata kidogo. Anachokitafuta kwenye lemna ni protini, ambayo katika mmea mkavu inaweza kuwa asilimia 15 au ikapita 40 kutegemea lishe ya maji, pamoja na karotenoidi zinazotia kiini cha yai rangi. Vyote viwili hushuka naitrojeni ikikosekana.

Kabla ya kumwaga maji ya jaribio, yachuje na uchemshe au ukaushe juani lemna iliyobaki, isije ikaingia mtoni au kwenye bwawa la jirani. Maji yenye naitreti yamwagiliwe bustani. Masalio ya Folin, DPPH na asetoni yakusanywe kwenye chupa zilizoandikwa na kukabidhiwa msimamizi wa maabara.

Hatua ya 11: Jaribio la awamu mbili

Anayehitaji fenoli au wanga kwa kusudi maalumu anaweza kupata mavuno na ukolezi kwa pamoja kwa kuvitenganisha kwa wakati. Otesha lemna katika miligramu 14 hadi itapakae juu ya maji yote, kisha isuuze na uihamishie kwenye maji yasiyo na naitrojeni lakini yenye virutubisho vingine vyote. Vuna chombo kimoja kila siku kwa siku tano, na kila mara pima uzito mkavu, fenoli na klorofili. Chora mazao ya fenoli kwa chombo dhidi ya siku za njaa. Mahali mstari unapoacha kupanda ndipo pa kuvunia, na ukiona klorofili imeanguka mapema kuliko fenoli zilivyopanda, punguza siku za njaa au uanze na miligramu 1.4 badala ya sifuri.